Bibi, geji ya kijani na pampu mbili ndani ya wiki tano

Pampu ya pili ya kunyonya hewa, kwenye ndege ninayoihudumia, ilikufa ikiwa na saa 19 tu za kuruka. Ya kwanza ilikuwa imechoka, sikuishangaa. Lakini hii ya pili niliitoa mwenyewe kwenye boksi, nikaifunga kwa mikono yangu hii, nikatia sahihi kwenye kitabu cha injini. Kwa hiyo siku ile Kapteni alipoegesha mbele ya hanga, akashuka bila salamu na kunikabidhi simu yake nione picha, sikuwa na wa kumsingizia. Picha ilipigwa juu ya Ghuba ya Speke asubuhi kweupe. Nje ya kioo, mstari wa maji umenyooka kabisa. Ndani, horaizoni imelala ubavu kama mbuzi aliyeshiba, na geji ya vakyumu, yaani ya mvuto wa hewa, imekaa kwenye sifuri.

"Injinia," alisema, "Bibi kalala tena."

Bibi ni Cessna 206, amenizidi umri. Anabeba watu na mizigo kutoka hapa Mwanza kwenda Rubondo, Geita, na viwanja vya udongo vya Serengeti, ambako kila kutua ni kama kupita nyuma ya basi la Shinyanga kiangazi. Tunamwita Bibi kwa sababu hamalizi wiki bila kulalamika, na kwa sababu kila mtu anampenda hivyo hivyo.

Kwa asiyejua mambo haya: kwenye dashibodi ya ndege kama hii kuna vyombo viwili vinavyoendeshwa na hewa. Kimoja ni horaizoni bandia, inayomwambia rubani kama mabawa yako sawa au yameinama. Cha pili ni jairo ya mwelekeo, inayomwonyesha anakoelekea bila yale mayumbo ya dira ya sumaku. Ndani ya kila kimoja mna gurudumu dogo zito linalozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mtoto yeyote aliyecheza na pia, ile ya kuzungusha chini, anajua kinachoendelea humo: pia ikiwa na kasi inasimama wima hata ukiisukuma, ikichoka inaanza kuyumba, halafu inalala. Kinachoyazungusha magurudumu hayo ni hewa inayonyonywa. Pampu iliyofungwa nyuma ya injini inavuta. Hewa inaingia kwenye filta iliyo nyuma ya dashibodi, inapita ndani ya vyombo ikiyapiga magurudumu, inatoka kwenda pampu, na kutupwa nje chini ya ndege. Katikati kuna rejuleta, kidude chenye springi na skrubu, kinachoruhusu hewa kidogo iingie pembeni ili mvuto usizidi. Geji inapaswa kusoma kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Hapo ndipo penye rangi ya kijani, na ile rangi ya kijani ndiyo iliyonipumbaza.

Pampu yenyewe nayo ina tabia yake. Tunaiita pampu kavu kwa sababu haina tone la mafuta ndani. Rota yake ni ya kaboni na vibapa vyake sita ni vya kaboni, vinateleza ndani ya nyumba ya alumini, na ule unga mweusi wanaousaga ndio grisi yao. Pampu za zamani zilizolainishwa kwa mafuta ya injini huchoka kama wazee: taratibu, zikikohoa, ukizisikia. Hii kavu inakatika kama umeme. Dakika moja geji iko tano, dakika inayofuata sifuri, na kiungo chake cha plastiki kimekatika, kwa sababu kimetengenezwa kikatike, ili pampu iliyokwama isije ikatafuna gia za injini. Na hapo rubani hapigiwi kengele. Magurudumu hayasimami papo hapo, yanapungua kasi dakika kadhaa, na horaizoni inainama polepole kwa upole wa kumshawishi mtu ainame nayo.

Mchana kweupe ni usumbufu tu. Kapteni alibandika kipande cha risiti juu ya horaizoni kwa plasta ya kisanduku cha huduma ya kwanza, isimdanganye, akarudi nyumbani akitazama maji na kile chombo cha kuonyesha kugeuka kinachotumia umeme. Lakini muulizeni rubani yeyote aliyeruka juu ya ziwa hili usiku usio na mwezi. Giza la mwezi ndilo wakati wa dagaa, na wavuvi wanawasha taa zao mamia kwa mamia juu ya maji. Ukiwa juu huwezi kusema nyota zinaishia wapi na karabai zinaanzia wapi. Mwezi wa nane, moshi wa mashamba yanayochomwa ukitanda, hata mchana maji na anga ni shuka moja la kijivu. Hapo horaizoni bandia ndiyo horaizoni pekee uliyonayo. Tarehe 16 Oktoba 2000 huko Marekani, gavana wa jimbo la Missouri, Mel Carnahan, alifariki pamoja na mwanawe aliyekuwa akirusha ndege na msaidizi wake, ndani ya Cessna 335, usiku wa mvua. Wachunguzi waliandika kwamba rubani alipoteza hisia ya mwelekeo, na kwamba kuharibika kwa horaizoni kuu ya ndege kulichangia. Huwa naikumbuka kila nikimsikia mtu akisema "ni kageji tu kale".

Turudi wiki tano nyuma, nikiri.

Pampu ya kwanza ilipokufa, Kapteni alikuwa na wageni wa kwenda Serengeti kesho yake asubuhi. Pampu mpya nilikuwa nayo stoo. Filta sikuwa nazo. Zilikuwa Nairobi, zinasubiri mtu wa kuja nazo. Nikafanya kile ambacho kila fundi aliyewahi kusukumwa na mwenye ndege amewahi kufanya: nikafunga pampu, nikapuliza mipira kwa kompresa mara mbili tatu, nikaitazama kwa nje, nikaona haina nyufa, nikawasha injini. Geji ikasoma 4.8. Kijani. Nikasema asante Mungu, filta zikija nitazibadili. Filta zilikuja. Bibi hakuwepo. Bibi alipokuwepo, mimi nilikuwa chini ya ndege nyingine. Mnajua mambo yanavyokwenda.

Wiki ya pili Kapteni aliniambia jairo ya mwelekeo inatangatanga. Anaiweka sawa na dira, robo saa baadaye imepotea nyuzi 15. Nikamjibu kwa kujiamini, kijana wangu wa kazi akinisikiliza: "Kapteni, dunia inazunguka. Jairo inabaki palepale, dunia ndiyo inayoondoka." Na ni kweli, jambo hilo lipo, limeandikwa vitabuni. Akaondoka ameridhika nusu.

Jioni ile nilipita Pasiansi kumsalimia Mzee, fundi aliyenipokea hangani nikiwa nimetoka chuo na kiburi changu chote. Amestaafu, anafuga kuku, lakini bado anataka ripoti ya kila ndege. "Mwangaluka," nikamwambia ingawa jua lilikuwa linazama, ni utani wetu tangu siku niliyokosea salamu ya Kisukuma mbele ya wageni wake. Nikamsimulia kuhusu dunia kuzunguka. Alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu, sisi tuko wapi?"

"Mwanza, Mzee."

"Umbali gani na ikweta?"

Hapo nikajua nimeumbuka. Upotevu unaotokana na mzunguko wa dunia ni nyuzi 15 kwa saa zidisha saini (ile ya hesabu za pembe) ya latitudo. London, kwenye latitudo 51, inafika karibu nyuzi 12 kwa saa. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Ukipiga hesabu unapata chini ya nyuzi moja kwa saa nzima. Bibi alikuwa anapoteza nyuzi 15 kwa robo saa.

"Dunia ya huku kwetu haina hatia," Mzee akasema, akaendelea kumwaga pumba.

Ningemsikiliza usiku ule, pampu ya pili ingekuwa hai. Lakini geji ilikuwa kijani! Nilijiambia jairo yenyewe imezeeka, beringi zake zimekwisha, tutaipeleka kukarabatiwa mwisho wa mwezi. Ikafika saa ya 19, ikafika ile picha ya Ghuba ya Speke, na nikarudi Pasiansi kichwa chini.

"Pampu ya saa 19 haifi," Mzee alisema. "Imeuawa. Muuaji umemwacha humo ndani, umempelekea na mwingine wa kuua."

Kesho yake nikamwambia Kapteni Bibi hatoki mpaka niseme mimi. Alinuna, akaenda kunywa chai.

Kijana wangu alikuwa tayari na nadharia. "Dada, ni wale wadudu wa ziwani." Kama hamjawaona, ni wale vijidudu wanaopanda kutoka majini kama nguzo za moshi, wakija nchi kavu wanajaza taa, sahani na masikio. Huku kila kitu kinachoharibika hubebeshwa wao: jenereta, friji, ndoa. Nikamwambia hewa ya pampu haitoki nje ya ndege, inatoka nyuma ya dashibodi na kupitia filta, wadudu watafikaje? Akanyamaza kwa heshima, siyo kwa kukubali.

Kutoa pampu ni nati nne. Tatu zinatoka kwa dakika kumi. Ya nne iko kati ya pampu na ukuta wa kuzuia moto nyuma ya injini, haionekani, unaifikia kwa spana iliyopindwa ambayo Mzee aliipinda kwa moto kabla sijazaliwa, na unaigeuza robo ya robo, ukihesabu kwa hisia, shavu likiwa juu ya injini. Nati hii imenifundisha matusi ya Kisukuma kuliko jirani yeyote.

Kabla ya kuifungua pampu nikapitisha kidole pale ilipokaa. Pakavu. Hilo ni swali la kwanza, kwa sababu sili ya injini ikivuja pale nyuma, mafuta yanaingia kwenye pampu, unga wa kaboni unakuwa tope, na tope halilainishi kitu. Kosa jingine la aina hiyo ni kuosha injini kwa dawa ya kuondoa grisi bila kuifunika pampu. Zamani tulikuwa tunaivika mfuko wa plastiki. Tangu marufuku ya Juni 2019 tunaivika glavu ya hospitali, nayo inakaa vizuri zaidi, inaonekana tu kama mkono wa mtu anayeomba msaada kutoka ndani ya injini.

Pampu niliifungua juu ya gazeti. Rota ilikuwa vipande vitatu, vibapa vimekatika kama chaki. Na pale kwenye mdomo wa kuingilia hewa, kwenye unga mweusi, palikuwa na kitu ambacho si kaboni. Kidogo kama punje ya dengu. Nikakibinya kwa kucha, kikanepa. Mpira.

Nikachukua ule mpira wa kutoka rejuleta kwenda pampu, ambao wiki tano kabla niliutazama kwa nje nikauona mzima, nikauchana kwa kisu kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayepasua samaki. Kwa nje mzuri. Kwa ndani, upande ulio karibu na joto la ekzosi, utando wa ndani ulikuwa umebanduka na kuning'inia kama ulimi. Injini ikizimwa, ulimi unalala, hewa inapita, ukipuliza huoni shida. Injini ikivuta, ulimi unainuka. Na ncha yake ilikuwa imeliwa. Tayari nilikuwa nimeiona juu ya gazeti.

Kijana alitaka tuishie hapo. Muuaji si amepatikana? Lakini mpira unaobanduka hauelezi zile nyuzi 15. Pampu ilikuwa hai wakati huo, geji 4.8, na bado jairo ilikuwa inatangatanga. Tulikuwa na kesi mbili ndani ya ndege moja.

Sikutaka kuhatarisha pampu ya tatu (bei yake haiko mbali na bodaboda iliyotumika), kwa hiyo nikatoa urithi wangu. Mzee alipostaafu aliniachia pampu ya zamani ya mafuta aliyoifunga kwenye mota ya umeme, juu ya kipande cha mbao ya mninga. Inapiga kelele kama mashine ya kusaga, lakini inavuta. Nikaiunganisha na mabomba ya Bibi mahali pa pampu yake, kwa mpira mpya. Geji ya dashibodi ikapanda ikakaa 4.8, palepale pa siku zote. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya mapema kama ningekuwa na akili: nikachukua geji ya pili, ya majaribio, nikaiunga kwenye horaizoni yenyewe, upande mmoja kwenye tundu la kuingilia hewa, upande wa pili kwenye la kutokea. Ikasoma 3.3.

Geji mbili, ndege moja, mvuto mmoja. Moja 4.8, nyingine 3.3.

Nani mwongo? Hakuna. Nadhani hapa ndipo mafundi wengi tunapoteleza, kwa hiyo nikae kidogo. Mwenye bustani ya nyanya kando ya ziwa, tuseme Igombe, ana pampu yake ya kuvuta maji. Gugu maji likiziba chujio kule majini, pampu itaendelea kuvuta. Ukiweka geji karibu na pampu itakuonyesha mvuto mkubwa sana. Nyanya zinakauka. Geji inapima jinsi unavyovuta, haipimi unachopata. Geji ya Bibi ilikuwa imeunganishwa kwa kulinganisha hewa ya ndani ya kokpiti na bomba la kutokea kwenye vyombo. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna vitu viwili: filta, halafu vyombo. Filta ikiziba inakula fungu lake la mvuto, vyombo vinabaki na makombo, na jumla bado ni 4.8. Zipo ndege ambazo geji imeunganishwa baada ya filta; kwenye hizo filta ikiziba geji inashuka na unajua. Bibi siyo mmoja wao, na nilikuwa namhudumia miaka minne bila kujiuliza mpira ule mwembamba wa nyuma ya geji unaishia wapi.

Nikaifungua filta ya kati, ile ya nyuma ya dashibodi. Ilitakiwa kubadilishwa kila saa 500 au kila mwaka. Rangi yake ilikuwa ya barabara ya Serengeti. Niliigonga mezani, ikatoa vumbi, na katikati ya vumbi, nisamehewe, mbawa mbili za wadudu wa ziwani. Kijana wangu alicheka wiki nzima.

Lakini bado kitu kilinikera. Filta ikiwa imeziba hivi, na kila kitu kingine kikiwa sawa, sikuelewa kwa nini rejuleta yenyewe ilikuwa na mikwaruzo mipya kwenye nati ya kufungia skrubu. Mtu alikuwa ameigusa, na siyo mimi, na kitabuni hakuna mstari. Miezi kadhaa nyuma Bibi alipita kwenye karakana nyingine, siitaji. Nikaitoa rejuleta nione filta yake, ile pete ya sponji inayoizunguka kama ringi ya nywele. Hii ya kwake inabadilishwa kila saa 100. Ilikuwa ngumu na ya kahawia kama chapati ya jana.

Ndipo hadithi yote ikajipanga. Pete ya rejuleta ikiziba, hewa ya pembeni haiingii vizuri, na mvuto unapanda. Geji ya Bibi lazima ilifika juu ya kijani. Mtu akaiona, akachukua bisibisi, akalegeza skrubu mpaka sindano ikarudi 4.8, akafuta mikono. Kwake kazi imekwisha. Kumbe pete imeziba bado, filta ya kati imeziba bado, na sasa skrubu imewekwa pabaya ili vyote viwili visionekane. Kasoro tatu zikikaa pamoja zilitoa namba nzuri. Namba ambayo mimi niliitilia sahihi.

Nikabadilisha pete peke yake kwanza, nitazame. Geji ya dashibodi ikashuka hadi 4.2, nje ya kijani. Kijana akaruka na bisibisi mkononi.

"Acha!"

"Dada, imeshuka."

"Imeshuka kwa sababu imeanza kusema kweli. Skrubu ni ya mwisho."

Nikaweka filta mpya ya kati. Geji ya dashibodi ikabaki 4.2. Ile ya pili, kwenye horaizoni, ikapanda kutoka huko chini hadi 4.1. Zile mbili zilikuwa zinakaribia kukubaliana kwa mara ya kwanza, na horaizoni, iliyokuwa inajikongoja kuinuka, ikasimama wima kabla sijamaliza kuandika namba.

Mipira yote tukatupa. Mabomba ya chuma tukayasafisha, na hapa nasema kwa herufi kubwa ingawa sipendi kupiga kelele: TENGANISHA VYOMBO KWANZA ndipo upulize kompresa, ukipuliza kuelekea upande wa injini. Hewa ya kompresa ikiingia ndani ya jairo umeshanunua jairo. Tulipopuliza ikatoka sauti ya kokoto ndani ya bomba, na kwenye kitambaa tulichokinga kikaanguka kipande cha kaboni kama ukucha. Si cha pampu ya pili. Kilikuwa na ukungu wa siku nyingi. Pampu inapokatika ghafla, hewa inarudi nyuma kujaza bomba lililokuwa na mvuto, na inarudi na vipande. Kwa hiyo ile ya kwanza nayo ilikuwa imemwachia mwenzake zawadi, na mimi na kompresa yangu ya mara mbili tatu hatukuitoa, kwa sababu tulipuliza mipira tu, bomba la chuma tulilionea uvivu.

Kijana alikuwa ameshika utepe mweupe wa mafundi bomba, anataka kuzungushia nyuzi za viungo ili visivuje. Nikamnyang'anya. Utepe ule ukinyofoka kauzi kamoja tu, safari yake inaishia kwenye vibapa. Alikuwa na nia njema, na mwaka wangu wa kwanza Mzee alininyang'anya vivyo hivyo, ila yeye alinipiga nao kichwani kwanza.

Pampu ya tatu niliifunga mwenyewe. Kabla ya hapo nikasoma herufi kwenye kibandiko chake kuhakikisha inazunguka upande wa injini ya Bibi, maana ziko za kulia na za kushoto, na ukikosea vibapa vinakwenda kinyume. Sikuibana kwenye jiliwa ili kufunga viungo. Nyumba ya alumini ikibanwa inapinda kidogo sana, wewe huoni, lakini kaboni inahisi. Nati ya nne ilichukua dakika 40.

Tukawasha. Injini ilipopata joto nikaiweka kwenye mzunguko unaotajwa kwenye kitabu cha ndege, na hapo tu ndipo nikaigusa skrubu ya rejuleta. Robo. Robo tena. 5.0, ikatulia. Nikapunguza kasi, nikapandisha, ikarudi 5.0. Jairo ya mwelekeo nikaiweka sawa na dira, nikampa kijana saa, tukakaa robo saa ndani ya kokpiti yenye joto la tanuri, hakuna anayesema, tukitazama kadi yake ambayo kwa macho haisogei. Mwisho wa robo saa ilikuwa imetoka nyuzi mbili.

Kapteni alimpeleka Bibi angani peke yake, akazunguka juu ya Jiwe la Bismarck na Capri Point, akarudi, akashuka na simu mkononi. Safari hii picha ilikuwa ya horaizoni iliyonyooka sambamba na ziwa. "Sasa naomba unirudishie risiti yangu," akasema, "ile niliyobandika. Ilikuwa ya mafuta, mhasibu anaitaka."

Vile vipande vya kaboni, ulimi wa mpira na ile pete ya kahawia viko kwenye kopo la Blue Band kwenye rafu juu ya meza yangu. Kitabuni niliandika yote, na yangu pia: kwamba pampu ya kwanza ilibadilishwa bila filta. Kapteni alisema haikuwa lazima. Mzee aliniuliza tu kama niliandika, nikasema ndiyo, akanipa mayai sita.

Na juu ya skrubu ya rejuleta nimepaka rangi ya kucha, nyekundu, mstari mmoja unaovuka skrubu na nati yake. Ni ya kwangu mwenyewe, hakuna mwingine hangani mwenye rangi hiyo. Ikipasuka, nitajua kuna mtu amepita na bisibisi.